Chakula cha Katreli

Katreli la Djoumoi, gari dogo la Kifaransa, lilikuwa limelala bila mafuta siku thelathini na nane kando ya barabara ya bandari, mjini Mutsamudu, siku ile kamati ya vijana ilipopita na kipaza sauti ikitangaza kwamba gari lolote lisilotembea kufikia Jumapili litakuwa mali ya taifa. Ilikuwa Jumatano, mwezi wa Mei, mwaka wa sabini na saba. Djoumoi alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. Alichambua mpaka punje ya mwisho, akaupeleka ungo jikoni, akajitanda shuka yake ya shiromani na kutoka.

Ilimbidi atembee kulifuata, maana gari halikuwahi kufika nyumbani kwake hata siku moja. Vichochoro vya mji mkongwe ni vile ambavyo watu wawili wakikutana, mmoja hugeuka ubavu. Alilipata kwa daktari Mfaransa aliyempikia miaka kumi na moja. Uhuru ulipokuja, daktari aliondoka kwa haraka, na badala ya kiinua mgongo alimwachia mpishi wake hilo gari dogo la rangi ya kijivu, lenye gia inayochomoka kwenye dashibodi kama mpini wa mwavuli. Alimwachia na neno moja kuhusu petroli, akiinua kidole: "Supa. Supa tu, Djoumoi. Ukilitia ya kawaida, utaliua."

Neno hilo Djoumoi alilishika kama mtu anavyoshika wasia wa maiti. Zaïdou, binamu wa mumewe, aliliendesha teksi kati ya Mutsamudu na uwanja wa ndege wa Ouani, na kwa miaka miwili tone la petroli ya kawaida halikuingia tangini. Ndilo lililowalisha: yeye, mumewe Ahamada, fundi viatu ambaye macho yake sasa yalishindwa hata kuona tundu la sindano, na wajukuu wawili. Tangu mwezi wa Machi alikuwa ameongezeka mmoja.

Alimkuta Zaïdou ameegemea boneti, mikono kifuani, kama mtu anayelinda kaburi. Wakaenda pamoja hadi kituo cha mafuta. Mzee Rachadi, muuzaji, aliwaona wangali mbali akaanza kutikisa kichwa.

"Supa ipo?" Djoumoi aliuliza.

"Ipo, bweni," alimjibu kwa jina la heshima la wanawake. "Ipo kama mbingu ilivyopo." Rachadi alionesha pampu ya pili, ile iliyofungwa mnyororo. "Ni ya magari ya kamati. Ya kawaida hii hapa, lita kumi kwa cheti."

"Ya kawaida hatutaki," Zaïdou aliruka. "Bora life kwa njaa kuliko kwa sumu."

"Na likichukuliwa Jumapili?"

"Wakilichukua zima, siku moja huenda wakalirudisha. Likivunjika injini, nani atakurudishia injini, shemeji?"

Djoumoi alifunga vizuri shiromani yake akaelekea ofisi ya kamati.

Ofisi ilikuwa katika chumba kilichokuwa cha karani wa forodha. Viti vilikuwa vitatu na vyote vilikaliwa na vijana, na hakuna aliyenyanyuka. Djoumoi, mwanamke wa miaka hamsini na miwili ambaye mjini hupishwa njia na watu wazima, alisimama mbele ya meza kama mwanafunzi aliyechelewa. Nyuma ya meza alikaa Mounira, mwenyekiti wa kamati. Alikuwa na miaka kumi na tisa, suruali ya kaki, na wino mpaka kwenye kiwiko.

"Ndugu Djoumoi," alisema, na jina hilo tupu, bila *bweni* wala *mama*, lilimchoma Djoumoi kama mwiba wa samaki kooni. "Una shida gani?"

"Nataka cheti cha supa. Gari langu halitumii nyingine."

Vijana wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Mchele hatuna, mzee, na gari lako linachagua chakula!"

"Limezoeshwa chakula cha wakoloni," mwingine akadakia.

"Sikulizoesha mimi," Djoumoi alisema polepole.

"Basi lizoeshe wewe," Mounira alijibu. Kisha akawatazama wenzake, nao wakanyamaza, na yeye mwenyewe akaonekana amechoka ghafla, kama mtu ambaye kejeli hiyo imemgharimu. "Sikiliza. Mkunga Zaharia amepanda kijijini Bazimini kwa miguu mara mbili mwezi huu, na masanduku ya dawa kichwani. Ana miaka sitini na tatu. Magari yetu mawili yako Domoni, la tatu halina magurudumu. Jumamosi gari lako limpandishe. Likifika Bazimini, linabaki lako, nami nakuandikia kibali cha mafuta kila wiki. Lisipofika, ni la taifa. Mafuta ya supa sina ya kukupa. Wallahi sina. Ile pampu yenye mnyororo ni tupu, ila usiniseme."

Djoumoi alitoka akiwa na cheti cha lita kumi za kawaida, ameshindwa kujua kama ametukanwa au ameaminiwa siri ya serikali.

*

Nyumbani alieleza yote mbele ya mumewe. Ahamada alisikiliza huku akipapasa kisigino cha kiatu, akasema ndiyo hivyo, Mungu alitoa na kamati imechukua. Kwenye pembe ya chumba, juu ya jamvi, alikaa Loutfia, dada yake Ahamada, akitoa vijiwe kwenye dengu.

Huyu ndiye aliyeongezeka. Alitoka Majunga, ng'ambo ya bahari, pamoja na maelfu waliokimbizwa baada ya watu wa visiwa hivi kuuawa huko mwezi wa Desemba. Waliteremshwa Moroni, na Ahamada alivuka bahari kwenda kumtafuta. Alimkuta mtaa wa Badjanani, amekaa kwenye kizingiti cha nyumba ya watu asiowajua, hana kitu ila gauni alilovaa. Mumewe Ousseni alikuwa ameuawa. Tangu afike Mutsamudu hakusema maneno zaidi ya salamu na shukrani. Djoumoi alikuwa amemhesabu kama kinywa kimoja zaidi kwenye sinia, na kila alipomhesabu hivyo aliona haya, na kesho yake akamhesabu tena.

"Wifi," Loutfia alisema.

Wote wawili wakageuka. Hata wajukuu waliacha kugombana.

"Lile gari ni katreli?"

"Ndilo."

"Katreli hula ya kawaida. Majunga teksi zote ni katreli. Sikuona hata moja ikinywa supa."

"Daktari mwenyewe alisema litakufa," Djoumoi alijibu. "Daktari, Loutfia. Mtu aliyesoma Paris."

"Alisomea watu, si injini."

Ahamada alikohoa. Alitaka kumnyamazisha dada yake kwa upole, kama anavyonyamazishwa mgonjwa, lakini Loutfia aliendelea, macho yake kwenye dengu. Ousseni alikuwa na gereji, alisema. Miaka ishirini ya kupiga nyundo juu ya bati ilimmaliza masikio. Mwishowe hakusikia hata adhana. Fundi asiyesikia injini ni sawa na mpishi asiyeonja. "Basi alikuwa ananiita. Mimi nasikiliza, namwambia: hii ni vali, hii ni mkanda, hii plagi ya tatu haichomi. Yeye alikuwa na mikono. Masikio yalikuwa yangu."

"Ukikosea?" Djoumoi aliuliza.

"Nikikosea utakuwa umepoteza gari ambalo Jumapili si lako."

Siku ile yote, Alhamisi na Ijumaa nzima Djoumoi alizunguka na maneno hayo. Aliogopa Loutfia akikosea. Lakini kulikuwa na woga mwingine chini ya huo, na huo hakumwambia mtu: aliogopa zaidi Loutfia akiwa sahihi. Maana kama alikuwa sahihi, basi kwa miaka miwili yeye Djoumoi aliwanyima wajukuu zake sukari kwenye chai ili gari linywe supa, kwa sababu tu Mzungu aliinua kidole.

*

Jumamosi asubuhi Rachadi alitia lita kumi za kawaida. Zaïdou aligeuza uso asione. Betri ilikuwa imekufa, kwa hiyo alichomeka mkono wa chuma mbele ya gari akazungusha, akazungusha, mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, na katreli likaguna, likapiga chafya ya moshi mweusi, likawaka. Watu waliokuwa gatini wakashangilia. Zaïdou hakushangilia. Alisikiliza kwa wasiwasi wa mtu aliyelishwa chakula cha adui.

Zaharia mkunga alikaa mbele, mwembamba, mfupi, bahasha ya sindano mapajani. Djoumoi na Loutfia walibanana nyuma na masanduku ya dawa. Barabara ya pwani hadi Ouani waliimaliza salama, upepo ukiingia kwenye madirisha ya kusukuma. Djoumoi alianza kupumua.

Walipoacha bahari na kuanza kupanda, gari likaanza kulia.

Kwanza sauti ilikuwa ndogo, kama mtu anayetikisa kopo lenye kokoto. Kona ya pili kokoto zilikuwa mawe. Zaïdou alikanyaga mafuta, na kadiri alivyokanyaga ndivyo injini ilivyogonga, ka-ka-ka-ka, mpaka mlango wa dashibodi ukacheza.

"Nilisema!" alipiga kelele. "Nilisema mimi! Linakufa!"

Akasimamisha gari katikati ya mlima, akaruka, akatia jiwe nyuma ya gurudumu. Zaharia alitazama mlima, akavua viatu vyake taratibu na kuvifunga pamoja kwa kamba, kama mtu anayejua yatakayofuata. Djoumoi alibaki amekaa. Akilini aliona Mounira akiandika kwenye daftari. Aliona vijana wakicheka.

"Una spana namba kumi?" Loutfia alikuwa amekwisha shuka.

"Ya nini?" Zaïdou alifoka. "Umeshatuharibia, inatosha."

"Mpe," Djoumoi alisema.

"Shemeji —"

"Mpe spana, Zaïdou."

Loutfia alifungua boneti. Ndani alionesha delko, kile kidude chenye kifuniko cheusi kinachogawa moto kwa plagi. "Daktari hakukosea," alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Ilikuwa sauti ya mtu aliye kazini. "Supa haina haraka ya kushika moto, kwa hiyo yeye alilipangia moto wa mapema. Ya kawaida ina pupa. Ukiiwashia mapema, inaripuka pistoni bado iko njiani inapanda. Ndiyo hii inayogonga. Gari halina ugonjwa. Linapigiwa ngoma nje ya wakati."

Alilegeza bolti. Alishika delko kwa vidole vitatu, akaisogeza upana wa punje ya mchele. "Washa. Kanyaga."

Zaïdou alizungusha mkono wa chuma, akaingia, akakanyaga. Kokoto zilikoma kabisa. Lakini injini nayo ikalegea, ikawa inapumua kama mtu mwenye homa.

"Nimezidisha," Loutfia alisema. Alifumba macho. Alirudisha nyuma kidogo, kidogo mno hata Djoumoi hakuona vidole vikitembea. Aliinamisha kichwa pembeni. Kokoto mbili tatu zikasikika kwa mbali. Akarudi tena kwa unywele. Jua lilimpiga shingoni, mafuta yalimtapakaa kwenye mkono wa gauni, na yeye hakuwapo pale. Alikuwa mahali ambapo wote waliobaki hawakuweza kuingia. Djoumoi alikumbuka imamu mmoja wa utotoni mwake aliyekuwa akifumba macho hivyo kabla ya kusoma.

"Hapo," alisema Loutfia, akakaza bolti, akafunga boneti na kupanda.

Zaïdou alitoa jiwe. Akatia gia ya kwanza, kwa shaka. Katreli likaondoka. Akatia ya pili. Likapanda. Injini iliimba sauti moja nene, kona baada ya kona, na harufu ya mlangilangi ikaingia kutoka mashambani, na bado liliendelea kupanda. Kwenye mgongo wa mlima Djoumoi aligeuka nyuma, akashika mdomo.

Miaka hamsini na miwili aliishi kisiwa hiki, na hakuwahi kukitazama kutoka juu. Uwanja wa Ouani ulikuwa mkeka uliosahauliwa juani. Mbali kule, nyumba zote za Mutsamudu, na msikiti, na kamati, na pampu yenye mnyororo, zingeenea kwenye kiganja. Na bahari! Bahari haikuwa mbele tena kama ukuta anaouona kila asubuhi. Ilikuwa imesimama, imepanda hadi nusu ya mbingu. "Subhanallah," alisema. Zaharia mbele akaitikia, "Subhanallah," na hata Zaïdou alipunguza mwendo bila kuambiwa.

*

Bazimini waliwapokea kwa vigelegele. Zaharia alichukuliwa moja kwa moja kwenye nyumba ya Bahiat, msichana aliyekuwa mjamzito kwa mara ya kwanza. Zaïdou alikaa chini ya kivuli cha gari lake, akisimulia kila aliyepita kwamba gari hili, bwana, ni kusikiliza tu.

Djoumoi na Loutfia walikaa kwenye ukingo wa barabara. Djoumoi alitaka kusema asante, lakini chini ya neno hilo kulikuwa na yale mengine, hesabu zake za sinia.

"Majunga ni upande gani?" aliuliza badala yake.

Loutfia alionesha mlima nyuma yao. "Ng'ambo kule. Haionekani." Alifuta vidole vyake kwa majani. "Niliwasikia mimi kwanza, wifi. Walikuwa bado mitaa mitatu mbali. Nilimshika Ousseni mkono, nikamwambia, watu wanakuja, si watu wa heri. Alinisoma midomo. Akacheka, akasema ni watu wa soko. Yeye hakusikia kitu, utamlaumu vipi? Akarudi ndani kufunga gereji vizuri, maana kulikuwa na gari la mteja. Nilisikia yote. Tangu siku ile nimetamani niwe kiziwi kama yeye."

Djoumoi alimtazama huyu mwanamke aliyelala miezi miwili kwenye pembe ya chumba chake. Walichoma nyumba yake, gereji yake, mume wake; na kile kitu kilichompandisha mlima asubuhi hii hakikuungua. Hakujua kitu kama hicho kinaitwaje. Alimshika mkono ule mchafu wa mafuta, akaukalisha pajani mwake, wakakaa hivyo.

Zaharia ndiye aliyewainua. Alisimama mlangoni kwa Bahiat, mkononi ameshika ile pembe fupi ya mbao ambayo wakunga husikilizia mtoto tumboni.

"Wewe wa gari," alimwita Loutfia, kisha akasogea karibu ili wenye nyumba wasisikie. "Uchungu umeanza, na hili tumbo silielewi. Nasikia moyo mmoja. Mikono yangu inaniambia si mmoja, lakini masikio yangu yamezeeka, na sitaki kumwambia mtu nisilolijua. Njoo unisikilizie."

"Mimi si mkunga, bibi."

"Nimekuomba masikio, sijakuomba ukunga."

Loutfia alirudi hatua moja. Djoumoi aliona uso wake, akaelewa masikio yale yanaogopa kusikia nini, na hakumsukuma. Ndani Bahiat alilia. Loutfia aliifuta mikono yake tena, mara mbili, ingawa haikuwa na kitu tena, akaingia.

Alipiga magoti. Aliweka pembe pale Zaharia alipomwonesha, akaweka sikio. Akasogeza, kidogo, kwa upana wa vidole viwili. Akasogeza tena. Chumba kilikuwa kimejaa wanawake, na hakuna hata bangili iliyolia.

"Huyu mmoja," alisema. Akahamisha pembe upande wa pili, akafumba macho. Muda ukapita, hata Djoumoi akadhani amelala. "Na huyu hapa. Huyu ana haraka kuliko mwenzake. Wawili, bibi. Wawili kweli." Machozi yalikuwa yanamtiririka hadi kwenye pembe, naye hakuyafuta, kwa kuwa hakutaka kusogea.

*

Walimteremsha Bahiat katika katreli, amelazwa nyuma juu ya godoro na miguu yake mapajani mwa Djoumoi. Zaharia alisema mapacha wa uzazi wa kwanza hawazaliwi mlimani mtu akiwa na hiari. Zaïdou aliendesha kama aliyebeba mayai, gia ya pili mpaka Ouani, na kila kona aliuliza bila kugeuka, "Wapo?"

"Wapo," Loutfia alijibu, sikio kwenye pembe.

"Wote wawili?"

"Tazama njia, Zaïdou. Wote wawili."

Alasiri, hospitali ya Mutsamudu, walizaliwa wasichana wawili, wa pili akilia kabla ya kutoka vizuri. Zaharia alitoka kuwaambia, akakaa kwenye sakafu ya baraza, akacheka peke yake.

Mounira alikuja mwenyewe, kwa miguu, daftari kwapani. Habari zilikuwa zimemtangulia. Baraza lilijaa watu: watu wa Bazimini walioteremka, watoto wachanga wanaolia, magurudumu ya kitanda cha chuma yanayokwaruza saruji, muuza maandazi anayenadi langoni. Alimkuta Djoumoi ameketi kwenye benchi, mgongo umenyooka.

"Bweni Djoumoi," alisema. Aliona haya kidogo, akafungua daftari haraka. "Kibali. Lita ishirini kwa wiki. Niandike supa au ya kawaida? Supa ikija, nitakukumbuka. Hiyo ni ahadi."

Djoumoi aliweka kidole mdomoni. Begani kwake Loutfia alikuwa amelala, mdomo wazi, gauni limejaa mafuta na damu. Kitanda kilikwaruza tena, mtoto akalia kwa nguvu zake zote, muuza maandazi akapita karibu kabisa na kuita, na Loutfia hakusikia chochote.

"Ya kawaida," Djoumoi alinong'ona. "Andika polepole, mwanangu. Usimwamshe."

Na mwenyekiti wa kamati akaandika polepole.